Chumba Kizima ni cha Mgeni

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie safari yangu ya Juni 2024 katika milima ya Atlas, kusini mwa Marrakech, huko Moroko. Najua wapo wanaosubiri habari za Toubkal, kilele cha mita 4,167, kirefu kuliko vyote Afrika ya Kaskazini. Nilifika juu, nikashuka salama, alhamdulillahi. Lakini kilichonileta mbele yenu leo kiko chini ya kilele, katika kijiji cha Aroumd, nyumbani kwa mama mmoja.

Nianze na jina. Watu wa milima ile tumezoea kuwaita Waberberi. Jina hilo walibandikwa na wengine, na mzizi wake ni neno la Kigiriki la kumbeza mtu ambaye lugha yake haieleweki. Sisi wa pwani tabia hiyo tunaijua, maana wazee wetu waliwaita watu wa bara washenzi. Wenyewe hujiita Imazighen, na mmoja wao ni Amazigh. Walikuwa kwenye milima hiyo kabla Uislamu haujafika, ila lugha yao imetambuliwa kuwa rasmi katika katiba ya Moroko mwaka 2011 tu.

Gari letu liliishia Imlil. Mizigo ikafungwa juu ya nyumbu, namaanisha yule mtoto wa punda na farasi, nasi tukapanda kwa miguu katikati ya miti ya jozi na cheri. Pembeni maji yalikuwa yakipita kwenye mifereji wanayoiita targa. Maji hayo yana zamu, kila familia na saa zake, na zamu ya mtu haichezewi.

Mtakumbuka tetemeko la usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, lenye ukubwa wa 6.8. Liliua karibu watu 3,000 katika milima ile. Nyumba ya mama huyu ilisimama, lakini ukuta wa jikoni ulipasuka kutoka darini hadi sakafuni. Niliutia mkono ule ufa, ukaingia mpaka kwenye kifundo. Familia nzima ilikuwa imebanana katika vyumba viwili vidogo. Chumba kirefu chenye mazulia, ambacho hakikuwa na ufa hata mmoja, tulipewa sisi. Nilikataa. Mwanawe, aliyekuwa ndiye kiongozi wetu wa safari, hata hakumtafsiria mama maneno yangu. Alinishika bega, akaniambia nisimwaibishe mama yake.

Usiku huo sikulala vizuri, nikasikia mtu anaamka kabla ya alfajiri. Nikatoka. Alikuwa mama, anawasha tanuri la udongo ambalo sakafu yake imetandazwa vijiwe vya mtoni. Vijiwe vikishapata moto, anautandaza unga uliokandwa juu yake, na mkate unatoka na vishimo vishimo kama mchanga ulionyeshewa mvua. Mkate ule huliwa kwa mafuta ya zeituni, au kwa amlou, yaani lozi zilizosagwa na mafuta ya argani na asali. Mimi nilikuwa naangalia kuni. Mzigo ule aliubeba mgongoni kutoka bondeni, na asubuhi ile nusu yake iliungua kwa ajili ya watu asiowajua. Chai ya mnanaa aliimimina baba mwenye nyumba, kwa madaha, birika likiwa juu kabisa mpaka bilauri inafanya povu, na wageni wote wakapiga picha. Mama jikoni hakuna aliyempiga picha. Nikisema ukarimu wa Imazighen, nataka mfikirie kwanza zile kuni.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu niliomba jembe. Mama alicheka sana alipotafsiriwa, kisha akanipa mundu. Shayiri ilikuwa imeiva, na majirani walikuwa wamekuja kuvuna shamba lake kwa utaratibu wao wa tiwizi: leo kwako, kesho kwangu, bila malipo. Nilikata vibaya, wakanifundisha. Pale ndipo nilipoelewa chakula cha mgeni kinatoka wapi. Mama hakuwa na akiba ya kutulisha peke yake. Alikuwa na majirani.

Na tusidhani habari hii ni ngeni kwetu. Takriban mwaka 1331 alifika pwani yetu Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, ambaye ukoo wake ni wa Lawata, Waamazigh. Mogadishu walimpa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na maembe. Kilwa alimkuta sultani aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa akitoa. Nilipomsimulia mama habari hizo, aliuliza swali moja tu: wali ule aliupika nani?

Siku ya kuondoka tulilipa malazi kama tulivyokubaliana, akapokea. Nikaongeza fedha kwa ajili ya mkate. Akazirudisha mkononi mwangu, akanifunga vidole kimoja kimoja, kisha akanipa mkate mwingine uliofungwa kwa kitambaa. Niliutia mgongoni ndani ya mkoba. Tulipofika Sidi Chamharouch, mahali pa ziara njiani kuelekea Toubkal, kwenye jiwe kubwa lililopakwa chokaa, bado nilikuwa nausikia uvuguvugu wake.