Jinsi ya Kupima Magwangala: Tindikali na Metali Zinazochujuka

Karibuni, watazamaji. Mezani nimeweka magwangala, yaani mawe ya mgodini yaliyotupwa kwa sababu dhahabu yake ni haba, ya aina inayopatikana kusini mwa Ziwa Victoria. Litazameni jiwe hili kwa karibu: katikati ya weusi wake zimo chembe za manjano zinazometameta, ambazo wengi huzidhania kuwa dhahabu. Hizo ni pairaiti, muungano wa chuma na salfa, ambayo ikipata hewa na maji ya mvua huzaa tindikali inayoweza kuyeyusha shaba na zinki na kuzifikisha kwenye visima na mito.

Kazi huanzia kwenye lundo. Chukueni sampuli za kila aina ya mwamba peke yake, pasipo kuyapendelea mawe yanayong'aa wala kuyakwepa, kwani sampuli iliyochaguliwa kwa upendeleo haitanyooshwa na kipimo chochote. Zikaushwe, zipondwe, kisha sehemu yake isagwe hadi unga upite kwenye chekeche ya mikroni 75.

Pelekeni kiasi cha unga huo kupimwa salfa iliyo katika salfaidi, yaani miungano ya salfa na metali kama pairaiti, si salfa yote, maana ile iliyomo kwenye jasi haizai tindikali. Asilimia mtakayopewa izidisheni kwa 31.25, jibu ni kilo za kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, zinazohitajika kuizima tindikali ya tani moja ya mawe. Kisha pimeni uwezo wa mawe hayo yenyewe kuizima, na mgawanye uwezo huo kwa jibu la kwanza. Uwiano ukiwa chini ya 1, tarajieni tindikali. Ukizidi 2, kwa kawaida hatari ni ndogo. Ukiwa katikati, msitoe hukumu bado.

Sasa tuharakishe kile ambacho mvua ingekifanya kwa miaka mingi. Vaeni miwani ya kinga, glavu na koti, na mfanye kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Wekeni gramu 2.5 za unga kwenye bika ya mililita 500, kisha mwage mililita 250 za haidrojeni peroksidi ya asilimia 15. Nawasihi msiinamie bika: unga wenye salfa nyingi unaweza kutulia kwa dakika kadhaa, kisha ukachemka ghafla na kufurika povu la rangi ya kutu. Acheni usiku kucha, kesho yake chemsheni taratibu kwa saa mbili au zaidi mpaka viputo viishe, uacheni mchanganyiko upoe, rudisheni ujazo kwa maji yaliyokenekwa, ndipo mpime pH, kipimo cha tindikali ambacho namba yake ikishuka tindikali huwa kali zaidi. Ikiwa chini ya 4.5, mwamba huo ni wa kuzaa tindikali. Salfa ikizidi takriban asilimia 1, rudieni na peroksidi mpya, kwa sababu mara moja huenda isimalize pairaiti yote.

Msitulie kwa kuwa pH imetoka nzuri. Aseniki, ambayo ni sumu, huweza kuchujuka hata kwenye maji yasiyo na tindikali, na hili ndilo linalosahaulika mara nyingi. Chukueni gramu 250 za mawe yaliyopondwa na mililita 750 za maji, mtikise kwa saa 24, mchuje kwa kichujio cha mikroni 0.45, kisha mpime metali. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa miligramu 0.01 za aseniki kwa lita.

Mwamba uliobaki na mashaka uwekwe kwenye seli ya unyevu, yaani chombo cha kuuachia mwamba hewa na maji kwa zamu: kilo 1, siku tatu hewa kavu, siku tatu hewa yenye unyevu, siku ya saba kuoshwa kwa maji, kwa wiki zisizopungua 20. Kila chupa ya maji ya kuoshea iandikwe wiki yake na ipimwe pH siku ileile, kwani kwenye chupa hizo ndipo mtakapoiona wiki ambayo chokaa ya mwamba inaanza kuishiwa nguvu.