Ulipwe ukiwa na miaka 18 au uende chuo kwanza? Maongezi na vijana wa basketi na wazazi wao

Shikamooni wazazi, na nyie vijana mambo vipi. Naona wengine mmekuja na jezi kabisa, safi, tukimaliza hapa uwanja upo.

Nianze na wa kwetu. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, futi 7 na inchi 3, alienda Marekani akiwa bado sekondari, akaingia chuo kikuu cha Connecticut, akacheza misimu mitatu, na mwaka 2009 akachaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies kwenye drafti ya NBA, yaani siku timu za ligi kuu ya Marekani zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Namba 2 jamani, katika vijana wote wa dunia waliokuwa kwenye drafti ile. Hiyo mnaijua. Ambayo haisemwi sana ni kwamba Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimshusha kwenda Dakota Wizards kwenye ligi ya chini, enzi hizo inaitwa D-League, na mpaka siku ile hakuna aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa huko. Mtaani watu walisema ndo basi tena, kafeli. Mimi nilibishana nao na bado nabisha, alipelekwa akapate dakika za kucheza, kwa sababu benchi halimfundishi mtu kazi.

Hiyo ligi ilianza 2001, tangu 2017 inaitwa G League, na kazi yake ni kuwapika wachezaji mpaka waive. Sasa swali mlilonitumia wengi ni hili, je kijana anaweza kuruka chuo akaenda moja kwa moja kwenye ligi ya namna hiyo, alipwe, alafu aingie NBA? Jibu ni kwamba anaweza, na wamefanya, na nataka mjue yaliyowapata.

Zamani ulikuwa unatoka sekondari unaingia NBA hivyo hivyo, Kevin Garnett 1995, Kobe Bryant 1996, LeBron James 2003. Mwaka 2005 wakaifunga hiyo njia, wakasema uwe na miaka 19 na angalau mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lako limalize sekondari. Ule mwaka mmoja ndo mchezo wote ulipo. Utaukaa wapi? Wengi walienda chuo mwaka mmoja wakatoka, na chuo kilikuwa kinakupa skolashipu tu huku tiketi na haki za televisheni zinaingiza mamilioni, kijana akipokea hata hela ndogo kwa mtu anafungiwa. Hiyo ilikuwa dhuluma, naisema wazi. Ndo maana Brandon Jennings 2008 akaenda zake Roma, Italia, kucheza kwa kulipwa, na LaMelo Ball akaenda Australia akacheza Illawarra Hawks, akachaguliwa namba 3 mwaka 2020.

NBA wakaona vijana wanawakimbia, wakatengeneza timu yao wenyewe ndani ya G League, G League Ignite, Aprili 2020. Wa kwanza kusaini alikuwa Jalen Green wa California, na iliripotiwa kwamba angepata mpaka dola 500,000 kwa mwaka, wakati mchezaji wa kawaida wa ligi hiyo hiyo hafikishi hata elfu hamsini. Baadaye akasaini pia Jonathan Kuminga, na huyu nampenda kumtaja kwa sababu kazaliwa Goma, pale Kiswahili ndo lugha ya sokoni, akaenda Marekani bado mdogo akiwa hana jina. Timu ikawachanganya na wakongwe wawafundishe, mmoja wao Amir Johnson, na Amir huyu ndo alikuwa kijana wa mwisho kabisa kuchaguliwa akitokea sekondari ile 2005 kabla mlango haujafungwa. Nikimfikiria amekaa kambini na watoto wa miaka 18 nasikia raha, alikuwa anajua wanachopitia kuliko mtu yeyote pale.

Na kimpira ilikuwa na faida, tusidanganyane. Ule mstari wa pointi tatu mnaouona hapo nje uko mita 6.75, na vyuoni wanaume wanachezea huo huo. Wa NBA, ukiacha pembeni, uko mita 7.24. Unasema nusu mita ni nini? Mwezi uliopita nilichukua chaki nikachora ule wa NBA, nikamwita dogo wangu mmoja, mpigaji mzuri tu, nikampa mipira 50 kwenye mstari wetu akafunga 27, nikamrudisha nyuma ile hatua moja akafunga 14, na mipira mitano ya mwisho haikugusa hata chuma, miguu ilikuwa imeshachoka. Nusu mita hiyo. Ongeza kwamba chuo wana sekunde 30 za kushambulia, G League wana 24, na chuo sheria inataka mazoezi yasizidi masaa 20 kwa wiki wakati msimu unaendelea, kule ni kazi yako ya kutwa. Kwa hiyo Green akachaguliwa namba 2 mwaka 2021, Kuminga namba 7, mwaka uliofuata Dyson Daniels namba 8, 2023 Scoot Henderson namba 3, 2024 Ron Holland namba 5 na Matas Buzelis namba 11.

Mtu akiona orodha hiyo anasema basi chuo cha nini. Subiri.

Machi 2024 NBA wakatangaza Ignite inavunjwa. Misimu minne tu. Sababu kubwa ni hela, kuanzia Julai 2021 mchezaji wa chuo akaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, matangazo, mikataba, na ghafla kijana anapata hela nzuri akiwa chuoni, tena na uwanja umejaa na nchi nzima inamwangalia ule mwezi wa Machi kwenye mashindano ya vyuo, timu 68 zinapotoana. Tangu 2025 vyuo vyenyewe vinawagawia wachezaji mapato moja kwa moja, chuo kimoja kinaweza kutoa mpaka kama dola milioni 20 kwa mwaka kwa michezo yake yote. Ignite ingeshindana na nini hapo?

Ila kuna sababu nyingine ambayo mimi kama kocha inaniuma zaidi. Msimu wa mwisho Ignite ilicheza mechi 34 za ligi, ikashinda 2. Mbili! Na hakuna mji uliolia, hakuna mtaa uliokosa usingizi, kwa sababu ile timu haikuwa na wenyewe. Ilikuwa duka la kuonyeshea bidhaa. Kijana wa miaka 18 anafungwa leo, anafungwa kesho, upande wa pili kuna mwanaume wa miaka 28 anatafuta mkataba wa kulisha wanae, hana huruma na wewe, na wewe hujafundishwa kushinda, umefundishwa kuonekana. Mpira haukui hivyo, mtoto anatakiwa acheze mechi ambayo kuna watu watalala vibaya akipoteza.

Na wale ambao majina yao sijayataja? Timu ilipovunjwa kuna waliobaki hewani kabisa, NBA haijawachukua, na chuo kwa sheria za wakati ule walishajifungia wenyewe siku ya kusaini. Thierry Darlan, kijana wa Afrika ya Kati aliyepitia akademi ya NBA pale Senegal, baada ya Ignite alizunguka kwenye timu nyingine za G League, mpaka 2025 ndo sheria zikalegea akakubaliwa kuchezea chuo cha Santa Clara. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini aliokolewa na mabadiliko ya sheria ambayo wakati anasaini hakuna aliyeweza kumuahidi, na mimi siwezi kumshauri mtoto wa mtu asaini kwa kutegemea hilo.

Mwangalieni Khaman Maluach. Mtoto wa Sudan Kusini, kakulia Kawempe, Kampala, hapa jirani tu. Alipita akademi hiyo hiyo ya Senegal, akacheza ligi ya Afrika, BAL, na watu wazima, 2024 akiwa na City Oilers ya Uganda, alafu bado akaenda chuo cha Duke, Marekani, mwaka mmoja, na 2025 akachaguliwa namba 10. Alipata vyote viwili, ugumu wa kucheza na wakubwa na chuo juu yake, na hakufunga mlango hata mmoja. Nikipewa mtoto leo hiyo ndo njia nitakayomtafutia kwanza.

Ila wazazi, msije mkaniambia nimewaficha, hizo hela za vyuoni kwa mtoto wa kigeni zina mtego. Visa ya mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi atakavyo, kwa hiyo kabla hajasaini tangazo la soda au la viatu aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni na mwanasheria, siyo rafiki, siyo wakala.

Maana mawakala nao. Mwaka juzi mama mmoja alinifuata uwanjani na mkataba wa mwanae, kurasa 11, Kiingereza kitupu, ligi fulani nje huko. Tukakaa kwenye ngazi za jukwaa tukausoma mstari kwa mstari mpaka taa zikawashwa. Ukurasa wa kwanza mshahara, mzuri tu. Ukurasa wa tisa, timu inaweza kumwacha muda wowote ikitoa taarifa ya siku 14, na yeye hawezi kuondoka miaka mitatu. Akiumia goti, kimya, hakuna neno. Yule mama alikuwa na kalamu mkononi tayari, akaitazama, akairudisha kwenye mkoba.

Haya, maswali tutachukua, ila kwanza wale waliokuja na karatasi zao wasogee meza ya mbele hii, tuzisome pamoja. Mama yangu wewe mwenye bahasha ya kaki pale nyuma, karibu, tuanze na yako.