Rula, Dema na Mkojo wa Shangazi

ZAINA: Karibuni tena. Tupo Ngamiani, Tanga. Umeme umekatika, dirisha tumeliacha wazi, mkisikia muuza kahawa anagonga vikombe mtuvumilie.

KOMBO: Da Zaina, wewe mtu wa maabara, nijibu. Shangazi yangu alipeleka mkojo Jumatatu, akaambiwa majibu Alhamisi. Alhamisi imefika, keshanunua dawa za dukani, kameza nusu dozi.

ZAINA: Hapo ndipo usugu unapopikwa, Kombo, bakteria wanazoea dawa mpaka haiwaui tena. Lakini hakuna aliyezembea. Mkojo tunaupaka kwenye sahani ya maabara yenye chakula cha bakteria, tunaiweka inkubeta, kabati la joto, nyuzi joto 35 hadi 37, usiku kucha. Asubuhi ukikuta vidoa, ndio bakteria walioota, unachukua kimoja, unakisambaza kwenye sahani mpya, halafu unapanga vile vikaratasi vya mviringo, kila kimoja na dawa yake. Usiku wa pili huo. Kesho yake nashika rula.

KOMBO: Rula? Hii ya shule?

ZAINA: Hiyo hiyo. Dawa yenye nguvu inaacha duara tupu pembeni yake, nalipima kwa milimita. Kikaratasi ambacho bakteria wameota mpaka wakakigusa, dawa hiyo usimpe mtu. Kina Bauer na Kirby waliieleza njia hii mwaka 1966, na mimi juzi nimeitumia.

KOMBO: Mbona kifua kikuu majibu ni siku hiyo hiyo?

ZAINA: Hiyo ni mashine ya GeneXpert. Yenyewe haisubiri kitu kiote, inatafuta jeni. Makohozi yanaingia kwenye katriji, chini ya saa 2 inakwambia TB ipo au haipo, na kama imekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. WHO iliipitisha Desemba 2010. Ila inajibu ulichoiuliza tu! Bakteria wa mkojo wana njia nyingi za kuikwepa dawa. Unamvizia mwizi mlango wa mbele, mwenzake kapita uani.

KOMBO: Basi shangazi hana bahati.

ZAINA: Subiri. Mwaka 2024 kampuni ya Sweden, Sysmex Astrego, ilishinda Tuzo ya Longitude ya Uingereza, pauni milioni 8, kwa kifaa cha kupima mkojo. Ndani ya katriji kuna vijia vyembamba mno, bakteria wananasa humo kama changu kwenye dema, ule mtego wa samaki. Wanapitishiwa dawa, kamera inaangalia nani bado anakua. Dakika 45, unajua ipi kati ya dawa 5 itafaa. Kinachonifurahisha mimi, bado ni kuotesha! Ni kazi ile ile ya rula, ila hawasubiri mamilioni wajikusanye mpaka jicho lione.

KOMBO: Umekitumia?

ZAINA: Wapi! Mimi na rula yangu. Shangazi mwambie apeleke mkojo kabla hajameza chochote, na ufike maabara ndani ya saa 2. Ukishinda kwenye pochi na joto hili la Tanga, bakteria wanazaliana humo humo, majibu yanakuwa ya uongo.

KOMBO: Anakaa Pongwe. Daladala yenyewe inangoja ijae.

ZAINA: Mlipie bodaboda.