Swali la Jiwe Lililorushwa Juu: Anza na Mshale, Kanuni Baadaye

Haya, swali la leo hili hapa kwenye skrini. Mtu amesimama ukingoni mwa jabali lenye kimo cha mita 25. Anarusha jiwe wima kwenda juu kwa mwendokasi wa 20 m/s, nalo likishuka linampita pembeni mpaka chini kabisa. Litafika baada ya sekunde ngapi? Mchapuko wa graviti, yaani kiasi mvuto wa dunia unavyobadilisha mwendokasi kila sekunde, tutauchukua kuwa 10 m/s². Thamani halisi inakaribia 9.8, ila 10 inatupunguzia kazi.

Kikokotoo weka pembeni kwanza. Chora jabali, chora jiwe, kisha mshale mmoja unaoelekea juu, uandike “chanya”. Wengi wanaokosa swali hili hesabu wanaijua. Kinachowaangusha ni alama za + na −.

Sasa tuandike tunavyovijua. Mwendokasi wa mwanzo, u, unaelekea juu: +20. Mchapuko, a, unaelekea chini: −10. Na ni −10 safari nzima, jiwe likipanda, likishuka, hata pale kileleni mwendokasi unapokuwa sifuri. Usiigeuze alama njiani! Je, s, yaani umbali na mwelekeo kutoka lilikoanzia mpaka lilikoishia? Jiwe limeanzia ukingoni, likaishia mita 25 chini ya hapo, kwa hiyo s = −25. Kwamba lilipanda kwanza hakutuhusu, maana s inaangalia lilikoanzia na lilikoishia, basi.

Kanuni yetu ni s = ut + ½at², ambapo t ni muda kwa sekunde. Tukiingiza namba: −25 = 20t − 5t². Peleka zote upande mmoja, gawanya kwa 5: t² − 4t − 5 = 0, yaani (t − 5)(t + 1) = 0. Majibu ni 5 na −1. Tunachukua sekunde 5.

Lakini hiyo −1 usiifute upesi, mimi naipenda sana. Inasema hivi: kama jiwe lingerushwa kutoka chini sekunde 1 kabla, kwa 30 m/s, lingepita ukingoni likiwa na 20 m/s zilezile. Hebu tafuta mwendokasi wa mwisho kwa v = u + at: 20 − 50 = −30. Ukubwa uleule, mwelekeo kinyume. Hapo umeshahakiki jibu lako.

Simamisha video, rudia swali ukiwa umegeuza mshale: chini ndiyo iwe chanya. Ukikosa 5, kuna alama moja hukuigeuza.

Upande wa mawimbi, swali la mwangwi ni fupi. Umepiga kofi mbele ya jabali, mwangwi ukarudi baada ya sekunde 1.5. Sauti hewani husafiri takribani 340 m/s. Zidisha, unapata mita 510. Kabla hujaandika jibu, chora mishale tena: mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Umbali mpaka kwenye jabali ni nusu yake, mita 255.