Pumzi Inayobanwa Chini ya Maji

Wanaonifahamu wanajua kwamba nitaanza tena na mtungi wa hewa anaobeba mzamiaji. Mzamiaji akitoka majini akijisifu kuwa mtungi wake umebaki nusu ilhali wenzake wamemaliza, mimi simpongezi. Humwuliza kama kichwa kinamuuma, na mara nyingi kinamuuma. Amekuwa akivuta hewa, anakaa nayo, kisha anaitoa kwa kusitasita, akidhani anaokoa oksijeni. Oksijeni haikuwa shida yake. Kinachomsukuma binadamu avute pumzi ni hasa hewa ya ukaa, ambayo mapafu yasipoifukuza hulundikana katika damu na kuizidishia asidi.

Mtaniambia kwamba mwili utamlazimisha kupumua. Laiti ingekuwa hivyo kwa wote! Katika miaka ya 1950 Edward Lanphier, akifanya utafiti katika jeshi la majini la Marekani, aliwakuta wazamiaji ambao hewa ya ukaa iliwapanda bila pumzi zao kuongezeka inavyostahili. Tena, kwenye kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, na lita moja ya hewa, ambayo nchi kavu ina takriban gramu 1.2, hukaribia gramu 5. Hewa nzito namna hiyo hupita kwa shida katika mirija ya mapafu, hata upeo wa upumuaji anaoumudu mtu hushuka hadi karibu nusu. Sasa mpe mkondo wa kupambana nao: miguu inazalisha hewa ya ukaa, misuli ya kupumulia inaongeza yake, na njia ya kuitoa imebana. Huanza kuhema mbiombio, pumzi fupifupi ambazo sehemu kubwa huishia kooni na kwenye mirija, pasipo kubadilishana gesi na damu. Hofu humvaa, naye hulaumu kifaa chake. Aache kupiga miguu, ashike mwamba, atoe hewa taratibu hadi mwisho ndipo avute nyingine.

Kwamba hewa ya ukaa huzidisha ulevi wa nitrojeni, yaani kulewa kunakoletwa na gesi hiyo kwenye kina, na hatari ya degedege linaloletwa na oksijeni yenye shinikizo kubwa, muda hauniruhusu zaidi ya kutaja.

Wanaopiga mbizi kwa pumzi moja, bila mtungi, hukosea kwa upande wa pili. Huhema kwa nguvu kabla ya kuzama, wakaifukuza hewa ya ukaa huku oksijeni ikiongezeka kidogo tu, kwa sababu damu yao ilikwisha kujaa takriban asilimia 98. Hamu ya kupumua huchelewa. Wanapopanda shinikizo hupungua, la oksijeni mapafuni likiwamo, na fahamu hupotea mita chache kabla ya kufika juu.