Shofazhi ya gari-nyumba: usianze na gazi

Wandugu wa Goma, karibuni. Hapa mjini shofazhi, ile mashine ya kupasha joto ndani, haina kazi, najua, ila zile gari za kulala ndani za wageni, za mtindo wa Marekani, zinapita hapa, na mwenye gari akifika garaji anasema neno moja tu: "Haiwaki."

Nawaomba sana, musikimbilie chupa ya gazi. Washa termostati, ile swichi ya kupangia joto, unyamaze, sikiliza. Kwanza ventilateri inazunguka, kisha unasikia ta-ta-ta ya cheche, valvu inafunguka, moto unashika, na pale inapokwama njo pale ugonjwa uko.

Ventilateri haizunguki kabisa? Angalia fizibo, waya, termostati, basi. Inazunguka lakini cheche haitoki, hapo njo mafundi wengi wanapotea. Ndani kuna kibati chepesi, upepo ukikisukuma kinafunga swichi, na bila ile swichi kadi, ule ubao wa umeme unaoongoza shofazhi, haifungui gazi hata chupa ikiwa imejaa. Sasa betri ikiwa imechoka, ventilateri unaisikia vizuri tu, lakini upepo wake hauna nguvu ya kusukuma kibati. Pima volti wakati shofazhi inafanya kazi, si wakati imelala, maana betri mbovu ikipumzika itakuonyesha 12 na kitu, ukiipa kazi inaanguka mpaka 10. Betri ikiwa nzima, fungua: utakuta vumbi na manyoya ya mbwa vimeshika kile kibati.

Cheche inatoka, moto haushiki, njo sasa uende kwa gazi. Washa jiko la ile gari, likiwaka kwa uvivu nalo, pima detanderi, ile ya kupunguza presha ya gazi, inatakiwa itoe karibu 27 milibari. Jiko likiwa sawa, angalia tundu la bana, pale gazi inapotokea kuwaka, buibui wanapenda kujenga mule.

Kutafuta mahali gazi inatoka ni povu la sabuni, kiberiti hapana! Propani, ile gazi ya chupa, ni nzito kuliko hewa, inalala chini kama mazuku yetu, ile gazi ya volkano, unaweza kusimama hausikii kitu na mtoto amelala chini pale.

Na ile swichi ya upepo, kuna wanaoiunganisha na kipande cha waya ili iwake haraka, mteja alipe, aende. Hapana jamani! Upepo ukikosa, chumba cha moto kinapata joto kupita kiasi, chuma kinapasuka, na moshi wa monoksidi, sumu isiyo na harufu, unaingia kwa watu wamelala. Ukikuta waya wa hivyo, uutoe kwanza, hata kama mwenye gari amekuletea jambo lingine.