Dar es Salaam imepangwa na barabara

Mwenyekiti, ndugu zangu. Ramani ya mji ya mwaka 1979, ule mpango mkuu wa serikali wa kuipanga Dar, mnaijua, sitairudia. Leo tusome tangazo la dalali.

"Kiwanja kinauzwa Goba, mita mia tatu toka lami." Shule hazitajwi, zahanati haitajwi. Lami kwanza. Kikiwa ndani sana, dalali hakwambii kilomita, anakwambia "boda buku tu", yaani nauli ya pikipiki ni elfu moja, na hapo mnunuzi anajua bei imeshashuka. Dalali huyo anaielewa Dar kuliko sisi wenye shahada zetu ukutani. Mji huu ulitambaa kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Kilwa na Pugu (haya, vijana, siku hizi inaitwa Nyerere), ukawa kama kiganja kilichotanua vidole. Katikati yalibaki mabonde na mikorosho, mpaka bodaboda na bajaji zilipoingia. Kichochoro kikawa njia, shamba likakatwa viwanja vya mita ishirini kwa ishirini.

Halafu lami inafika. Pita mtaa wowote uliowekewa lami majuzi: ukuta wa mbele umevunjwa, fremu za maduka zimepanda. Wakala wa pesa, saluni, nondo na saruji, chipsi. Mwenye nyumba kahamia vyumba vya uani. Madiwani hawajakaa kikao kubadili matumizi ya ardhi ile. Hawakuhitajika.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, "Hao wa kando ya barabara ni wavamizi, sheria ipo." Ipo, bwana! Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande toka katikati ya barabara. Mtu kalala nje ya hifadhi, kaamka ndani, nani kamvamia mwenzake? Angalau huyo nyumba yake ilichorwa X ya kijani, alama ya kubomolewa lakini anastahili fidia. X nyekundu, bomoa mwenyewe, fidia hakuna. Na pale Kimara hadi Kiluvya, kwenye Barabara ya Morogoro, 2017, hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Nyumba zilizoshushwa zilikuwa na mita za umeme. Hizo mita nazo zilivamia?

Mengine mbiombio. Mabasi ya mikoani yalihama Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021. Mama lishe na wapiga debe hawakungoja waraka, wakayafuata. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao wenyewe, unapita Kimara–Kivukoni tangu 2016, na bado sijaonyeshwa mpango wa makazi ya watu wa kipato cha chini kando ya vituo vyake. Kigamboni na daraja... mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, Kigamboni siku nyingine. Yule wa "wavamizi" apewe kipaza sauti kwanza.